Kura yako ya udiwani ikishindwa, hupotea mara mbili

Hebu jiulize: kura uliyompigia mgombea udiwani mwaka 2022 iko wapi leo? Kama mgombea wako alishinda, jibu ni rahisi. Imeketi Malindi, kwenye bunge la kaunti ya Kilifi. Kama alishindwa, kura hiyo ilihesabiwa, ikaandikwa kwenye fomu, fomu ikabandikwa mlangoni pa kituo, na hadithi ikaisha.

Tumezoea kuambiwa kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo. Mshindi ni mshindi, tuliza boli, ngoja miaka mitano. Sawa. Lakini kuna sehemu ya pili ya hadithi hii ambayo huisikii kwenye mkutano wa kampeni wala kwenye jukwaa la boda. Kura iliyoshindwa kwenye wadi huwekwa kando tena mara ya pili, wakati wa kugawa viti maalum vya bunge la kaunti. Sheria yetu husema viti hivyo vinagawanywa kwa uwiano. Swali ni moja tu: uwiano wa nini?

Huenda unasoma hii ukiwa Mtwapa, Kongowea au Githurai, na kadi yako ya kura iko kwenu Matsangoni. Kila baada ya miaka mitano unapanda matatu kwenda kupiga kura, unalipa nauli ya msimu, unapanga foleni tangu alfajiri. Angalau ujue hesabu inavyofanywa baada ya wewe kurudi kazini.

Wadi moja, mdomo mmoja

Matsangoni ni mojawapo ya wadi 7 za eneobunge la Kilifi Kaskazini. Nyingine ni Tezo, Sokoni, Kibarani, Dabaso, Watamu na Mnarani. Kaunti nzima ina wadi 35, na kila wadi huchagua diwani mmoja. Anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye huchukua kiti, hata kama wengi wa waliopiga kura hawakumtaka.

Hapo tatizo linaanza. Wakijitokeza wagombea wanane kwenye wadi moja, jambo ambalo si la ajabu kwetu, mtu anaweza kushinda akiwa na robo tu ya kura. Robo tatu iliyobaki imegawanyika vipande vipande, na hakuna kipande kinachofika Malindi.

Tofauti ikiwa ndogo, maumivu ni makubwa zaidi. Jirani zetu wa Magarini wanajua. Mwaka 2022 kiti cha ubunge kiliamuliwa kwa kura 21, Harrison Kombe wa ODM akiwa mbele ya Stanley Kenga wa UDA. Mahakama iliufuta uchaguzi huo, na marudio yakafanyika Novemba 27, 2025, Kombe akashinda tena. Weka kando nani alistahili. Angalia hesabu: watu zaidi ya 11,000 upande mmoja, watu zaidi ya 11,000 upande wa pili, na waliozidiwa kwa idadi inayotosha kujaza matatu moja na nusu wanaambulia patupu.

Sasa fikiria jambo zito linapofika mlangoni. Wakazi wa Uyombo, hapa hapa Matsangoni, walijikuta katikati ya mjadala wa kitaifa serikali ilipopanga kujenga huko kiwanda cha kwanza cha umeme wa nyuklia nchini. Mei 2024 waliandamana kuupinga mradi huo, na polisi wakatumia nguvu kuwatawanya. Wapo Wakenya waliouona mradi kama kazi na umeme. Wapo waliouona kama hatari kwa samaki, mikoko ya Mida na ardhi ya mababu. Simsemi diwani yeyote hapa. Nasema hivi: katika jambo kama hilo, wadi nzima ina mdomo mmoja wa kuchaguliwa kwenye bunge la kaunti. Kama mdomo huo hausemi unachotaka kusema wewe, huna wa pili.

Na wapo watu ambao hata mdomo mmoja hawaupati popote. Chukua wavuvi. Wapo Uyombo, wapo Takaungu, wapo Mayungu, wapo Ngomeni. Ukiwakusanya wote, ni watu wengi sana. Lakini wametawanyika kwenye wadi mbalimbali, na kila wadi wanazidiwa. Hali ni hiyo hiyo kwa watu wenye ulemavu, na kwa jamii ndogo kama Waata. Mfumo wa mshindi kutwaa yote humpa nguvu mtu anayekaa karibu na wenzake. Waliotawanyika huambiwa wasubiri hisani.

Hesabu ya pili

Waandishi wa Katiba ya 2010 waliliona hilo. Ndiyo maana kifungu cha 177 kinasema bunge la kaunti lisiwe la madiwani wa wadi pekee. Kuna viti maalum vya kuhakikisha kwamba hakuna jinsia inayozidi thuluthi mbili ya wanachama, na vingine vya makundi yaliyotengwa, wakiwemo vijana na watu wenye ulemavu. Vyama hupeleka orodha za majina kwa IEBC kabla ya uchaguzi, na baada ya kura viti vinagawanywa.

Watu wengi wakisikia "uwakilishi wa uwiano" wanadhani ni kitu cha Ulaya. Tunao tayari. Uko kwenye Katiba, kifungu cha 90. Shida iko kwenye mstari mmoja wa kifungu cha 177, unaosema viti hivyo vigawanywe kwa vyama kulingana na idadi ya viti ambavyo kila chama kilishinda kwenye wadi za kaunti hiyo.

Soma tena. Viti. Sio kura.

Hii ndiyo sababu nasema kura yako hupotea mara mbili. Mara ya kwanza, mgombea wako anakosa wadi. Mara ya pili, kwa kuwa chama chake hakikupata wadi, hakipati viti maalum pia. Viti vilivyowekwa ili kuwainua wanyonge hugawanywa kwa kumuuliza aliyeshinda: ulishinda mara ngapi?

Mnazi, Mkorosho na Mwembe

Tufanye mfano ili mambo yaeleweke. Vyama hivi ni vya kubuni na nambari nimezipanga ziwe rahisi.

Tuseme kuna kaunti yenye wadi 35 na viti maalum 20. Kuna vyama vitatu: Mnazi, Mkorosho na Mwembe. Ukijumlisha kura zote za udiwani, Mnazi ina asilimia 40, Mkorosho 35 na Mwembe 25. Mnazi haina hata nusu ya kura, sivyo? Lakini kwa kuwa kura zake zimesambaa vizuri, inaongoza kwenye wadi 28. Mkorosho inachukua wadi 7. Mwembe imeshika nafasi ya pili au ya tatu kila mahali, haina wadi hata moja.

Sasa tugawe vile viti maalum 20 kwa sheria ya leo. Mnazi ina wadi 28 kati ya 35, yaani asilimia 80, kwa hiyo inapata viti 16. Mkorosho inapata 4. Mwembe, sufuri. Bunge zima sasa lina wanachama 55: Mnazi 44, Mkorosho 11, Mwembe hakuna. Chama chenye asilimia 40 ya kura kina asilimia 80 ya bunge. Na robo nzima ya wapigakura haina mtu wa kumpigia simu.

Tubadilishe neno moja. Tugawe vile viti 20 kwa kura. Mnazi inapata 8, Mkorosho 7, Mwembe 5. Bunge linakuwa na Mnazi 36, Mkorosho 14, Mwembe 5. Mnazi bado inaongoza, na kwa raha zake. Lakini robo ya wapigakura imepata wanachama watano wa kuuliza maswali kamati ya bajeti inapokaa.

Kuna njia ya tatu, yenye makali zaidi, ambapo viti maalum hutumiwa kufidia. Kwanza unauliza: kwa kura zake, kila chama kilistahili viti vingapi katika bunge zima la watu 55? Mnazi ilistahili 22 na tayari ina 28 kutoka kwenye wadi, kwa hiyo haiongezwi kitu. Viti 20 vyote vinaenda kwa waliopunjwa: Mkorosho 9, Mwembe 11. Matokeo: Mnazi 28, Mkorosho 16, Mwembe 11. Mnazi bado ndiyo kubwa, na ina wingi, ila kwa kiti kimoja tu. Gavana akileta bajeti ya ajabu, lazima aongee na watu.

Wadi ni zile zile, idadi ya viti ni ile ile na kura hazijabadilika. Kilichobadilika ni swali tunaloziuliza kura.

Pesa kwa kura, viti kwa viti

Kuna jambo litakalokushangaza. Sheria ya Vyama vya Kisiasa imeunda hazina ya kuvipa vyama pesa za umma. Sehemu kubwa ya pesa hizo, asilimia 70, hugawanywa kulingana na jumla ya kura ambazo chama kilipata kwenye uchaguzi mkuu.

Umeipata hiyo? Inapokuja kwa pesa za vyama, kura yako iliyoshindwa Matsangoni ina thamani. Inahesabiwa na kuleta chapaa kwenye akaunti ya chama. Inapokuja kwa viti vya kukuwakilisha wewe, kura hiyo hiyo haina thamani. Basi usiambiwe kwamba kuhesabu kwa kura ni jambo gumu lisilowezekana Kenya. Tayari linafanyika, ila kwa upande unaovifaa vyama.

Waliojaribu

Ukivuka Lunga Lunga kuingia Tanzania, unakuta hesabu nyingine. Viti maalum vya wanawake katika Bunge la Muungano hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge, kila kimoja kulingana na kura zake. Chama kinaweza kushindwa kwenye majimbo mengi na bado kupata wabunge kwa sababu watu walikipigia kura.

Lesotho walijifunza kwa njia chungu. Katika uchaguzi wa 1998, chama cha LCD kilipata takriban asilimia 60 ya kura, lakini kikachukua viti 79 kati ya 80. Chama cha BNP, kilichopata karibu robo ya kura, kilibaki na kiti kimoja. Ghasia zikazuka, mji mkuu Maseru ukachomwa, na majeshi ya nchi jirani yakaingia. Baada ya hapo viongozi walikaa chini na kukubaliana kubakisha maeneobunge 80 na kuongeza viti 40 vya kufidia. Uchaguzi wa 2002 ulipofanyika kwa mfumo huo mpya, LCD ilishinda tena, na BNP ikapata viti 21. Walioshindwa walikuwa na mahali pa kukaa na kubishana, tofauti na miaka minne kabla.

Mfano ulio karibu zaidi na kaunti zetu uko Afrika Kusini. Katika mabaraza yao ya miji, nusu ya madiwani huchaguliwa kwenye wadi na nusu hutoka kwenye orodha za vyama. Mpigakura hupewa karatasi ya diwani wa wadi na karatasi nyingine ya chama. Unaweza kumpa kura jirani yako anayejua barabara iliyoharibika, kisha chama kingine ukakipa kura ya sera.

Hata hapa nyumbani wazo si geni. Rasimu ya katiba ya tume ya Profesa Yash Pal Ghai, mwaka 2002, ilipendekeza mfumo mseto wa aina hii kwa Bunge la taifa. Haukufika mwisho. Na ukirudi nyuma zaidi, hofu ya walio wachache kumezwa na vyama vikubwa ndiyo iliyomfanya Ronald Ngala, mtoto wa Kilifi hii hii, na chama chake cha KADU kupigania majimbo kabla ya uhuru. KADU ilivunjwa mwaka 1964. Hofu haikuvunjwa nayo.

Ngoja kwanza, orodha ni ya nani?

Najua unachotaka kusema. "Viti maalum? Si ndivyo wanavyopeana marafiki na jamaa?" Hoja hiyo ina uzito, na anayekuuzia mabadiliko haya bila kuigusa anakudanganya. Orodha zetu zimefungwa. Chama hupanga majina, wewe huna nafasi ya kumpandisha wala kumshusha mtu. Aliye karibu na mkubwa wa chama huandikwa juu, mwanaharakati wa kijijini huandikwa chini au hasahauliki tu, anafutwa. Ukiongeza thamani ya orodha bila kubadilisha anayeiandika, umewaongezea wakubwa nguvu.

Tanzania pia imeonja hilo. Novemba 2020 wanawake 19 wa Chadema waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum. Chama chao kikasema hakikuwateua, kikawafukuza uanachama, na bado wakaendelea kukaa bungeni. Kuhesabu kwa kura pekee hakutoshi ikiwa orodha yenyewe ina utata.

Dawa ipo, na si moja. Orodha inaweza kufunguliwa, mpigakura akachagua chama na pia jina analolitaka ndani ya orodha. Au wanachama wenyewe wakapigia kura orodha kabla haijapelekwa IEBC, kama wanavyofanya kwenye mchujo wa madiwani. Sharti la kupishanisha majina, mwanamke na mwanamume, tayari liko kwenye Katiba na libaki.

Swali la pili: nikikosa maji nitampigia nani? Utampigia diwani wako wa wadi, kama leo. Hakuna anayependekeza kumuondoa. Mfumo mseto unakupa huyo, na juu yake unakupa wengine.

La tatu: gharama. Kenya imechoka kulipa mishahara ya waheshimiwa, na ni haki yake kuchoka. Lakini kugawa viti vilivyopo kwa hesabu tofauti hakuhitaji kuongeza kiti hata kimoja. Yeyote anayekuja na mageuzi ya uwiano yanayoanza kwa kuongeza viti, muulize vizuri anatafuta nini.

La nne ndilo gumu, nalo halina jibu tamu: wagombea huru. Katiba inawaruhusu, na kwenye udiwani ni wengi, mara nyingi ni vijana waliochezewa kwenye mchujo wa chama. Mgombea huru hana orodha. Kura aliyopigiwa ikienda wapi kwenye hesabu ya uwiano? Karatasi mbili za kura, kama Afrika Kusini, zinasaidia kidogo, kwa kuwa unaweza kumpa mgombea huru wadi na chama karatasi ya pili. Lakini kijana asiyetaka chama chochote bado atakuwa amepunguziwa nafasi. Mjadala wowote wa kweli lazima umsikilize huyu.

Kabla ya Agosti 2027

Kubadilisha mstari ule wa kifungu cha 177 ni kubadilisha Katiba. Kuna njia mbili: mswada kupitia Bunge, au mpango wa wananchi wenye sahihi milioni moja na kuungwa mkono na mabunge ya kaunti yasiyopungua 24. Hoja ikionekana inagusa muundo wa ugatuzi, kutakuwa pia na kura ya maamuzi. Safari ni ndefu, na waliofuatilia BBI ikianguka hadi Mahakama ya Juu, Machi 31, 2022, wanajua mashimo yako wapi. Sitakudanganya kwamba itakuwa tayari kufikia Agosti 10, 2027.

Lakini kuna mambo matatu yasiyosubiri Katiba.

Kwanza, orodha. Sheria inavitaka vyama kuwasilisha orodha zao kwa IEBC angalau siku 45 kabla ya uchaguzi, yaani mwishoni mwa Juni 2027. Mgombea udiwani akija Matsangoni kuomba kura, muulize: kwenye orodha ya chama chako kaunti hii, nani yuko juu? Kijana ni nani? Mwenye ulemavu ni nani? Ametoka wadi gani? Akikosa jibu, umeshapata jibu.

Pili, uanachama. Ingia uhakikishe umesajiliwa chama gani, maana wapo waliojikuta kwenye vyama wasivyovijua. Kama uko kwenye chama kwa hiari yako, dai sauti kwenye kupanga orodha. Vijana hujazana kwenye mchujo wa diwani na kuacha orodha ya viti maalum ipangwe chumbani na watu watano.

Tatu, hesabu. Matokeo yakitoka, usiishie kumtazama mshindi. Chukua kura za wadi zote 35, jumlisha za kila chama, gawa kwa jumla kuu. Kisha linganisha na viti vilivyotolewa. Kazi hiyo unaimaliza kwa simu na kikombe kimoja cha chai. Ukiweka matokeo kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, umewapa watu kitu cha kubishania kuliko matusi ya kawaida.

Maana mageuzi ya aina hii hayaanzi kwa wanaofaidi mfumo uliopo. Chama kinachoshinda wadi 28 kwa asilimia 40 ya kura hakina haraka ya kubadilisha neno lolote. Wenye haraka ni waliokuwa kwenye ile asilimia 60, na hao, ukiwahesabu wote pamoja, ndio wengi.